Nafasi ya Diski Inapopungua: Mtafiti wa Kiswahili Aingiwe na Hofu Lini?

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia suala ambalo wengi wetu huwaachia mafundi, ilhali linamgusa kila mwanafunzi na kila mhadhiri anayeweka data yake katika tarakilishi: kupungua kwa nafasi ya diski. Hoja kuu ni kwamba udogo wa nafasi iliyobaki hautoshi kuwa kigezo cha kupimia hatari. Vigezo vinavyofaa ni vitatu: kasi ya upungufu, uwezekano wa kuueleza upungufu huo, na kuwepo kwa nakala nyingine ya kile kilichohifadhiwa. Mifano imetolewa katika kazi tunazozifanya sisi wenyewe, hasa ukusanyaji wa fasihi simulizi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wakasema pia kuwa bandu bandu huisha gogo. Methali hizi mbili hulitazama jambo moja kutoka pande mbili, kwani kinachojaa polepole upande mmoja huwa kinaisha polepole upande wa pili. Diski ya tarakilishi ni kibaba na gogo kwa wakati mmoja. Kila faili tunayoiongeza hujaza kibaba, na faili hiyo hiyo hubandua kipande cha gogo la nafasi iliyobaki.

Miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili, hali hii hupokelewa kwa namna mbili. Kuna wale ambao wakiona alama nyekundu kwenye picha ya diski hupigwa na bumbuwazi, wakaanza kufuta faili mbiombio bila kuzichunguza. Kuna wengine ambao hupuuza kila onyo hadi siku tarakilishi inapokataa kuhifadhi sura ya mwisho ya tasnifu. Makala haya yanashikilia kwamba makundi yote mawili yana kasoro moja: hayajajiuliza ni nini kilichoila nafasi hiyo.

Suala hili si dogo katika taaluma yetu. J.W.T. Allen alipotayarisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, orodha iliyochapishwa mwaka 1970, alijumuisha pia kanda za sauti. Watafiti wa wakati huo walishika kanda mkononi na kuiona rafu ilivyojaa. Mtafiti wa leo hurekodi kwa simu, akahamishia sauti kwenye kipakatalishi, na rafu yake haionekani kwa macho. Sura ya tasnifu ikipotea huweza kuandikwa upya, ijapokuwa kwa machungu. Sauti ya fanani aliyerekodiwa akiwa na umri wa miaka tisini, kisha akafariki dunia, haiandikwi upya na yeyote.

2.0 Tatizo la Istilahi: Hifadhi na Kumbukumbu

Kabla ya kuendelea ni muhimu kuondoa utata wa kiistilahi, kwani utata wa lugha huzaa utata wa tiba. Katika mazungumzo ya kila siku tunasikia watu wakisema kwamba "kumbukumbu ya tarakilishi imejaa." Kauli hii huweza kuwa na maana mbili zilizo mbali sana.

Maana ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, yaani mahali ambapo tarakilishi huweka kile inachokishughulikia wakati huo. Tarakilishi ikizimwa, yaliyomo hutoweka. Maana ya pili ni hifadhi, yaani diski inayotunza faili hata umeme unapokatika. Tunaweza kuifananisha ya kwanza na meza ya kusomea maktabani, na ya pili na rafu za vitabu. Meza ikijaa, msomaji hurudisha vitabu kadhaa rafuni akaendelea. Rafu zikijaa, hakuna kitabu kipya kitakachopokelewa.

Mwanafunzi asiyetofautisha mambo haya hufuta rekodi zake za nyanjani akitumaini kwamba tarakilishi itaacha kukwama, ilhali kilichojaa ni meza wala si rafu. Katika makala haya neno hifadhi litatumika kumaanisha diski pekee, nalo neno kumbukumbu litumike kwa ile ya muda.

3.0 Hesabu ya Nafasi

Hofu nyingi huondoka pindi hesabu inapofanywa. Tuanze na maandishi. Katika maandishi sahili ya Kiswahili, kila herufi huchukua baiti 1. Tukichukua tasnifu ya maneno 40,000, na tukikadiria kwamba kila neno lina wastani wa herufi 6 na nafasi moja baada yake, tutapata baiti 280,000. Gigabaiti 1, yaani baiti 1,000,000,000, ingebeba tasnifu za aina hiyo zaidi ya 3,500. Kwa hivyo mtu anayeandika tu, bila picha wala sauti, hawezi kuijaza diski yake kwa maandishi hata akiandika maisha yake yote.

Sauti ni jambo jingine. Rekodi ya aina ya WAV, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia mbili za sauti, huchukua baiti 176,400 kila sekunde. Saa 1 huwa takriban megabaiti 635. Saa 20 za ngano, vitendawili na nyimbo za jando zitachukua karibu gigabaiti 12.7. Rekodi hizo zikibanwa kwa muundo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde, kila saa itachukua megabaiti 57.6 tu, ingawa ubanaji huo huondoa sehemu ya sauti isiyoweza kurudishwa. Video ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote: video ya simu ya ubora wa 1080p huweza kupita megabaiti 100 kwa dakika 1, yaani zaidi ya gigabaiti 6 kwa saa.

Hesabu nyingine inayowatia watu wasiwasi bila sababu inahusu diski mpya. Mtu hununua diski ya gigabaiti 500, akaichomeka, Windows ikamwonyesha takriban 465. Hajaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti 1 kuwa baiti 1,000,000,000, nayo Windows hugawa kwa 1,073,741,824 huku ikitumia jina lile lile. Kwa sababu hiyo hiyo, diski ya terabaiti 1 huonekana kuwa na gigabaiti 931.

Alama nyekundu nayo yahitaji kufasiriwa. Windows huigeuza rangi kuwa nyekundu nafasi iliyobaki inaposhuka chini ya asilimia 10. Katika diski ya terabaiti 1, hizo bado ni karibu gigabaiti 93, ambazo zingetosha rekodi za WAV za saa zaidi ya 140. Katika kipakatalishi kidogo cha gigabaiti 64 ni gigabaiti 6 hivi, na huenda zisitoshe hata kwa sasisho moja kubwa la mfumo. Rangi ni ile ile, hali ni tofauti kabisa.

4.0 Upungufu wa Kawaida

Si kila upungufu ni ugonjwa. Mfumo wa tarakilishi wenyewe hutumia nafasi, tena bila kubisha hodi. Yafuatayo ni mambo ya kawaida:

(a) Faili ya kubadilishana. Kumbukumbu inapoelemewa, Windows hutumia sehemu ya diski kama meza ya ziada. Faili hii hukua na kunywea yenyewe. Mtu anayeona nafasi ikipungua kwa gigabaiti 2 akiwa kazini, kisha ikarudi baada ya kuwasha tarakilishi upya, hana la kuhofia.

(b) Faili ya usingizi. Tarakilishi inapolala huku ikihifadhi kazi yote iliyokuwa wazi, hunakili kumbukumbu yake kwenye diski. Faili hiyo huweza kufikia takriban asilimia 40 ya ukubwa wa kumbukumbu, na hutengewa nafasi hata kabla ya kutumika.

(c) Masasisho ya mfumo. Toleo jipya la Windows 10 au 11 linapowekwa, toleo la awali huachwa katika folda iitwayo Windows.old ili mtumiaji aweze kurudi nyuma. Folda hii huweza kuchukua gigabaiti nyingi, na kwa kawaida hufutwa na mfumo wenyewe baada ya siku 10.

(d) Pipa la taka. Faili iliyotupwa pipani bado imo diskini. Mwanafunzi anayefuta video kumi na kushangaa kwamba nafasi haijaongezeka ahimizwe kwanza kulimwaga pipa, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichotumbukia humo kwa bahati mbaya.

(e) Vikundi vya mawasiliano. Programu za WhatsApp na Telegram zikiruhusiwa kupakua picha na video zenyewe, kikundi kimoja cha darasa chenye gumzo nyingi kinatosha kujaza gigabaiti kadhaa kwa muhula.

Sifa inayounganisha mambo haya ni kwamba yote yana maelezo. Ukitafuta utapata faili, ukubwa wake na sababu yake.

5.0 Upungufu wa Kutia Shaka

Tufike sasa kwenye kiini cha mada. Upungufu unapaswa kututia shaka katika hali zifuatazo.

Kwanza, kasi inapozidi kazi. Tuseme mtafiti anaandika nafasi iliyobaki kila Ijumaa, akapata gigabaiti 60, kisha 58, kisha 57. Huo ni mwendo wa kawaida wa mtu anayefanya kazi. Akipata 60, kisha 41, kisha 19, ilhali hajarekodi chochote, kuna kitu kinachoandika diskini bila idhini yake. Huenda ikawa ni programu iliyoharibika inayorundika faili za taarifa za makosa, au nakala zinazojirudia za huduma ya hifadhi ya mtandaoni, au hata programu haramu. Programu kama WinDirStat na TreeSize huonyesha folda kwa mpangilio wa ukubwa, hivyo mlaji akapatikana kwa dakika chache.

Pili, upungufu unapoandamana na mabadiliko ya majina ya faili. Programu haramu za kudai fidia husoma faili, huandika nakala iliyofungwa kwa msimbo, kisha hufuta ile ya asili. WannaCry, iliyosambaa Mei 2017 katika nchi takriban 150, iliacha faili zikiwa na kiishio .WNCRY. Anayeona viishio vigeni vikiongezeka katika folda zake aitenge tarakilishi na mtandao mara moja, wala asichomeke diski yenye nakala zake, kwani nayo itashambuliwa.

Tatu, orodha ya faili inapotofautiana na nafasi iliyotumika. Tuchukue flashi inayoonekana tupu, lakini ukitazama sifa zake inasema kwamba gigabaiti 6 zimetumika. Hapa takwimu za nafasi ni shahidi anayepaswa kusikizwa. Virusi vingi vya flashi, ambavyo vimesumbua vyumba vya tarakilishi vya vyuo vyetu tangu miaka ya 2000, huzificha faili na kuweka viungo bandia mahali pake. Faili zipo, zimefichwa. Mwenye flashi akikubali kuifomati, atakuwa ameteketeza kwa mkono wake kile ambacho kirusi kilikificha tu.

Nne, nafasi inapoongezeka ghafla. Wengi hufurahia jambo hili, ilhali nafasi isiyo na maelezo ni ya kutiliwa shaka iwe imepungua au imeongezeka. Kama si folda ya Windows.old iliyoondolewa na mfumo, basi kuna kitu kilichofutwa. Katika diski za zamani zenye sahani inayozunguka, kufuta faili huondoa tu anwani yake, na yaliyomo hubaki mpaka yaandikwe juu yake. Hivyo anayegundua mapema aache kabisa kuandika chochote katika diski hiyo, atafute usaidizi. Katika diski za kisasa za elektroniki, mfumo huiarifu diski kwamba sehemu hiyo haihitajiki tena, nayo diski huweza kuisafisha baada ya muda mfupi. Uwezekano wa kuokoa faili huwa mdogo sana.

Tano, nafasi inapokuwa kubwa kupita kiasi. Kuna flashi na diski bandia zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikidai kubeba terabaiti 1, ilhali chipu iliyo ndani inabeba sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kifaa hicho hupokea faili zote na kuonyesha majina yake yote, lakini data iliyozidi uwezo wake haipo. Programu ya H2testw huweza kukipima kwa kukiandika chote na kukisoma tena. Upimaji huo ufanywe kabla ya safari ya nyanjani.

Ni vyema kuongeza kwamba kujaa na kufa si jambo moja. Diski inayokaribia kufa huenda ikawa na nafasi tele. Dalili zake ni kugongagonga, faili kushindwa kusomeka, na maonyo ya mfumo wa kujipima uitwao SMART. Anayeziona dalili hizi asianze kusafisha. Anakili kwanza.

6.0 Funzo kutoka Toyota

Mwenye kudhani kwamba suala hili ni la wanafunzi tu na ayatazame yaliyoikuta kampuni ya Toyota. Tarehe 29 Agosti 2023, viwanda vyake vyote 14 vya kuunda magari nchini Japani vilisimama. Wengi walishuku shambulio la wahalifu wa mtandaoni. Maelezo ya kampuni yenyewe, yaliyotolewa Septemba mwaka huo, yalikuwa mengine. Tarehe 27 Agosti kulifanywa matengenezo ambapo data iliyokuwa imelimbikizana ilifutwa na kupangwa upya. Katika shughuli hiyo nafasi ya diski haikutosha, mfumo wa kuagizia vipuri ukakwama. Seva za akiba nazo zilikuwa katika mfumo uo huo, zikapatwa na hitilafu ile ile. Kazi ilirejea baada ya data kuhamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hata usafishaji huhitaji nafasi. Anayebana WAV kuwa MP3 huhitaji mahali pa kuweka zote mbili kwa muda, na programu ya kuandikia huunda faili ya muda kabla ya kuhifadhi ile halisi. Anayengoja hadi ibaki megabaiti chache ndipo aanze kupanga amejinyima mahali pa kupangia. La pili ni kwamba nakala inayokaa mahali pamoja na ile ya asili si akiba. Folda mbili ndani ya diski moja huzama pamoja kama abiria wawili wa dau moja.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza kila mtafiti ajiulize maswali matatu kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: diski hii ikifa usiku wa leo, nitapoteza nini? Kama jibu ni rekodi zisizo na nakala, hofu ianzie hapo, hata kama nafasi imejaa tele. Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, yafaa kufuatwa: nakala 3, katika aina 2 za vifaa, na 1 iwe mahali pengine. Itiliwe maanani kwamba huduma ya mtandaoni inayooanisha faili haitoshi peke yake, kwani ukifuta faili kwenye tarakilishi hufutwa na kule pia. Pipa la Google Drive hutunza faili kwa siku 30 tu. Isitoshe, nafasi ya bure ya akaunti ya kawaida ya Google ni gigabaiti 15, zikijumuisha barua na picha. Akaunti za vyuo nazo si ghala lisilo na mwisho: mwaka 2021 Google ilitangaza kukomesha hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu, na tangu Julai 2022 kila taasisi ikatengewa terabaiti 100 za pamoja. Aidha, nakala za sauti za watu zisitawanywe ovyo, kwani Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawahusu pia wahojiwa wetu.

Swali la pili: nafasi imepungua kwa kasi gani? Daftari dogo lenye tarehe na kiasi kilichobaki linatosha. Bila rekodi hiyo, mtu hujua tu kwamba pamepungua, asijue kama ni kwa siku mbili au kwa miaka miwili.

Swali la tatu: ni nini kilichoila? Asifute mtu kitu asichokijua. Folda za mfumo ziachwe kwa zana za mfumo. Folda ya vipakuliwa ikaguliwe kwa macho kabla ya kuwekewa alama ya kufutwa, kwa kuwa wengi wetu huacha humo makala na rekodi ambazo hazimo kwingine. Inapendeza kuacha asilimia 10 hadi 20 ya diski ikiwa wazi, ila kiasi halisi kitegemee kazi iliyo mbele: anayekwenda nyanjani kurekodi video saa 10 ajue kwamba anahitaji zaidi ya gigabaiti 60 kabla hajaondoka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupungua kwa nafasi ya diski ni dalili, na kama dalili yoyote, hufasiriwa pamoja na nyinginezo. Upungufu wa polepole wenye maelezo ni matokeo ya kazi. Upungufu wa kasi usio na maelezo ni wa kuchunguzwa siku hiyo hiyo. Hatari kubwa zaidi haionyeshwi na rangi yoyote: ni data ya pekee iliyo katika diski moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini ukuta wa rekodi iliyopotea hauna matofali ya kuujengea. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu na wahadhiri wetu kuyaingiza masuala haya katika mafunzo ya mbinu za utafiti, sawa na tunavyofunzwa kuandaa hojaji na kunukuu maandishi, ili fasihi simulizi tunayoitoa vinywani mwa wazee isije ikafia mikononi mwetu.